Doa Jekundu Kando ya Pengo

Dada Mwanaidi,

Kiti chako bado kipo, kile cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Mama Zai wa saluni alitaka kukitupa siku tuliyofanya usafi baada ya arobaini. Alisema kitakuja kuniangusha mbele ya wateja. Nikamwomba aniachie. Ndicho nilichokalia sasa hivi nikikuandikia. Mlango uko wazi na jua la asubuhi limefika mezani, pale pale ulipokuwa ukipenda lifike.

Mama hajambo. Yuko kwake Temeke, ameanza tena kukaanga vitumbua. Habari zako hazisemi sana. Juzi nilimkuta amejifunga kanga yako ya zambarau, akaniona naiangalia, akasema, "Ilikuwa inaliwa na mende tu." Basi. Tukaendelea kula.

Lakini nina jambo la kukueleza, dada. Ni habari ya doa.

Tangu uondoke sijaweka doa hata moja. Chupa yako ya rangi ya kucha nimeiacha kwenye droo, juu ya kitambaa alipolala Bibi, ile RAM yetu kongwe. Wateja wanakuja, nawatengenezea kompyuta zao, RAM wakitaka nawatafutia, napima kama ulivyonifundisha, nawapa. Wengine huigeuza mkononi wakauliza, "Doa liko wapi?" Nawaambia mwenye doa ametutoka. Wanasema pole, wanaichukua, lakini naona jinsi wanavyoitia kwenye mfuko. Wanaitia polepole, kama mtu aliyeuziwa samaki bila kumwangalia macho.

Unakumbuka ulivyoanza? Ulienda saluni kwa Mama Zai kuomba kitu cha kuandikia kisichofutika na jasho, akakupa rangi nyekundu iliyobaki ya bi harusi. Ukasema kila RAM itakayopita mikononi mwako ikafaulu, utaitia doa, ili ikirudi uijue na usibishane na mtu. Maana RAM zinafanana. Ni kumbukumbu ya kompyuta, kipande chembamba cha ubao wa kijani, kirefu kama kalamu, chipu nyeusi zimepangwa juu yake, na chini meno ya rangi ya dhahabu yanayoingia kwenye bodi kubwa ya kompyuta. Ikiwa mbovu, kompyuta haiwaki, au inawaka halafu inakusaliti katikati ya kazi. Na mbovu na nzima zikilala mezani pamoja, mtu wa kawaida hawezi kuzitenganisha.

Wewe uliweza. Naandika unayoyajua, dada, nisamehe. Nikiyaandika ndiyo nakuona.

Nakuona umesimama mlangoni, mkono wa kulia umeshika RAM mpya, wa kushoto umemshika Bibi. Bibi, ile RAM ya zamani iliyotoka kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa, haina koti la bati, haina taa, haina jina la kujivunia. Hakuna kompyuta ya siku hizi inayoweza kumpokea. Lakini ulisema hujawahi kuona kazi ya mkono safi kama ile, na ukaamua kila mgeni apimwe naye. "Mpime na Bibi," ulikuwa ukiniambia, hata mteja yupo, na mteja anashangaa bibi gani huyo.

Ulianza na ubao wenyewe. Unaukamata kwa ncha mbili za vidole, unasikiliza uzito wake, unatazama pembeni kama umekatwa laini au umechanikachanika kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Ubao mwembamba sana ulikuwa ukiurudisha bila kuendelea. "Huu ukisukumwa kwenye nafasi yake utajikunja, na risasi ya kuchomelea itapasuka ndani usione." Kisha meno. Ulitaka yawe sawa yote, yamelala kwenye mstari mmoja, na dhahabu yake isiwe ya kupakwa juu juu kama bangili za kuuzwa njiani. Ulikuwa ukiyasugua kidogo kwa ufutio wa shule, kwa upole, na ukaniapisha nisije nikatumia msasa hata siku moja.

Halafu ulifika kwenye vile vidude vidogo kuliko punje ya mchele vinavyozunguka chipu. Hapo ulikuwa ukitabasamu. "Tazama, Saumu, wamesimama mstarini kama watoto wa shule asubuhi. Mmoja akiwa kapinda, mwalimu wao alikuwa anachezea simu." Ulitazama risasi inavyong'aa, kama inang'aa sawa pote. Ulitazama chipu kama zote ni za familia moja na zinatazama upande mmoja. Ulinusa. Ndiyo, ulikuwa ukinusa, na wateja wakicheka, kwa sababu chipu iliyong'olewa na kurudishwa kwa mkono huacha utomvu wa kuchomea unaonata na kunuka.

Na kama RAM imevaa koti, lile bati la rangi wanalolibandika juu ili lionekane la maana na lipoze joto, wewe hukukubali kuipima ikiwa imevaa. Koti livuliwe kwanza. Kwa hilo ulikuwa mkali kuliko yote. Ulienda kuazima draya ya nywele saluni, ukapulizia bati mpaka gundi ikalainika, ukalibandua taratibu kwa kadi ya simu ya zamani. Mama Zai alikuwa akipaza sauti kutoka kwake, "Leo mnamseti nani jamani?" Na wewe ukimjibu, "Bi harusi! Tunamfunua shela tumwone sura kabla ya mahari!" Mpaka wateja wa saluni, vichwa vimejaa rola, wanakuja kuchungulia.

Hukuwa unayachukia makoti. Nataka niliseme hilo, maana watu walikuwa wanadhani hivyo. Siku ile ulipovua lile la bluu ukakuta chini yake ubao mnene, chipu zimejipanga, na kipande cha kupitishia joto kimegusa kila chipu bila kuacha hata moja, uliniita. "Huyu amevaa vizuri na ndani ni msafi. Hao ndio watu." Ukalirudisha koti kwa adabu kabisa. Ulichokuwa hukubali ni koti kusema mambo ambayo mwili haujasema.

Kitu ulichokipenda kuliko vyote kilikuwa pengo. Lile pengo dogo kwenye mstari wa meno, halikukaa katikati kabisa, limesogea kidogo upande mmoja, ili RAM isiingie kinyume hata mtu akilazimisha. Ulinishika kidole ukakipitisha pale. Ulisema aliyelikata pengo hili hatujui, wala hajui kama kuna Mwananyamala, lakini alikaa akamfikiria mtu atakayefanya kazi umeme umekatika, jasho linamtoka, mteja amemsimamia kichwani. Akamwekea mlango unaopitika upande mmoja tu. "Kuna watu wametufikiria bila kutujua, Saumu. Na sie tufikirie wengine hivyo hivyo." Kwa hiyo doa uliliweka hapo, kando ya pengo, juu ya ubao wenyewe. Hukuliweka juu ya koti hata mara moja. Koti linavuliwa, ulisema, ubao haubadilishwi.

Basi. Mwalimu Kessy wa ile shule ya Goba alikuja, yule mpole uliyemtengenezea kompyuta za chumba chao cha mafunzo. Alishuka na kompyuta moja mikononi, suruali yote vumbi jekundu la huko mlimani. Hakunisalimia vizuri kama siku zote. Akaiweka mezani, akasema, "Saumu, mimi na marehemu tulikuwa hatugombani. Lakini hii imeniaibisha mbele ya wanafunzi." Ikawa inawaka, watoto wanaanza kuandika kazi zao, ikipata joto inajizima na kujiwasha yenyewe, kazi zote zimepotea. Alikuwa amenunua RAM za kuongezea chumba kizima, sehemu moja Sinza, kwa sababu zilikuwa na doa jekundu. "Nilijua ni za dada yako," akasema. "Nikasema hata kama amekufa, kazi yake naiamini."

Nilifungua kompyuta. RAM yake ilikuwa imevaa koti jekundu lenye taa. Na juu ya koti, doa. Rangi ya kucha, nyekundu.

Dada, nilikuwa nimeshajua kabla sijaigusa. Wewe huweki doa kwenye koti. Lakini nilijua kwa ajili yangu tu, na mwalimu alikuwa amesimama pale ananitazama kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba rafiki yake alikuwa mwongo. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Ningemwambia tu "hii siyo ya dada," angeniitikia kwa adabu na asingeniamini. Nani asingesema hivyo?

Nikaenda kwa Mama Zai nikaazima draya.

Niliivua ile RAM mbele ya mwalimu, pole pole, na Mama Zai akaja na mteja wake mwenye nywele nusu zimesukwa. Koti likatoka. Ubao mwembamba, pembeni umechanika. Chipu za familia mbili tofauti, na moja imezungukwa na utomvu unaonata. Nikamtoa Bibi kwenye droo, nikawaweka mkono huu na mkono huu, nikasimama mlangoni kwenye jua kama wewe. Nikamwonyesha mwalimu kasoro moja moja. Nikafungua kompyuta nyingine ya shule, ile uliyomtengenezea wewe mwenyewe, alikuwa ameileta siku za nyuma ifanyiwe usafi, nikachomoa RAM yake. Kando ya pengo, juu ya ubao, doa lako dogo lilikuwepo, limefifia kidogo tu. Mwalimu aliligusa kwa kidole. Akasema, "Hili halipigi kelele." Akavua miwani akaifuta, na mimi nikaangalia pembeni.

Mama Zai ndiye aliyesema twende Sinza. "Mie leo nimevaa viatu vya ugomvi," akaniambia, na kweli alikuwa amevaa raba. Njia nzima alikuwa ananifundisha maneno ya kumwambia huyo mtu, mengine siwezi kukuandikia, wewe umepumzika.

Tukamkuta. Anaitwa Side, ana meza ya vipuri nje ya duka la vinywaji, kijana mkubwa tu mwenye ndevu, anapenda kuongea. Mama Zai akaanza, "Wewe ndiye unayempaka marehemu kucha bila ruhusa?" Watu wakageuka. Side akashangaa kweli kweli, akamwangalia Mama Zai, akaniangalia mimi, akasema, "Sista, mie sielewi. Doa si ndo alama ya nzima? Mbona sie wote huku tunaweka."

Nikamuuliza nani aliwaambia.

Aliinama chini ya meza, akafungua kompyuta yake mwenyewe, ile anayopimia za watu, akachomoa RAM moja ya kijani isiyo na koti akanipa. Kando ya pengo. Doa lako. Akasema aliinunua kwa "yule dada wa Mwananyamala aliyekuwa ananusa," na tangu siku hiyo haijawahi kumsumbua, kompyuta zimekufa zinaizunguka na yenyewe ipo. Alipomuuliza mwenzake doa ni la nini, wakaambizana ndiyo utaratibu: ikipona inawekwa doa jekundu. Basi wakawa wanaweka. Wanaichomeka, ikiwaka, doa. Kwenye koti, kwa sababu ndiko kunakoonekana.

Nilikuwa nimekuja na hasira yote, dada, na nikakosa mahali pa kuiweka. Alama yako ilikuwa imetoka mlangoni kwetu ikaenda mjini peke yake, imekuwa sheria kwa watu wasiojua hata jina lako. Wameichukua alama tu. Kazi iliyo nyuma yake haikuwafikia. Mama Zai alinitazama, akaona uso wangu, akavuta kiti cha mtu akakaa. "Haya," akasema, "kumbe ugomvi umeahirishwa."

Nikamwambia Side maneno yako. Kuwaka siyo kupona. Nikamwambia ulivyokuwa ukiiweka RAM kwenye kompyuta, unafunga mfuniko wote ili ipate joto la Dar lenyewe, unaendesha ile programu ya kupimia iliyoko kwenye flashi yako tangu asubuhi mpaka jua linapinda, na mstari mmoja tu mwekundu ukitokea kwenye kioo, hakuna doa. Akasema, "Siku nzima kwa RAM moja? Sista, huyo alikuwa na roho gani?" Halafu akachukua moja ya za kwake zenye koti, akaigeuzageuza. Akaniuliza inavuliwaje. Mama Zai akasema draya yake haendi nayo Sinza kuseti vyuma vya watu. Side akasema atakuja mwenyewe.

Na amekuja, dada. Alizipokea tena zote alizomuuzia mwalimu bila kusukumwa, na alikuja na sanduku la alizokuwa anauza, tukazivua pamoja. Nyingi hazikufaa. Chache zilikuwa safi ajabu, na moja ilitufanya wote tuinamie meza: ubao mnene, meno yamelala kama yamepigwa pasi, vidude vyote mstarini. Nilikusikia kabisa ukisema hao ndio watu. Side aliiweka karibu na Bibi akasema, "Huyu ni mjukuu." Ungempenda kwa hilo.

Zile zilizofaa nikazipima kwa ajili ya mwalimu. Asubuhi mpaka jua kupinda, mfuniko umefungwa. Hakuna mstari mwekundu. Nikazichomoa, nikafungua droo, nikatoa chupa yako.

Ilikuwa imekuwa nzito kama asali. Mama Zai alisema ana dawa ya kuilainisha, matone mawili tu itarudi. Nilikaa nimeishika, sijui ni muda gani. Rangi ingelainika, hilo najua. Lakini jekundu sasa liko kila meza Sinza, na haliwezi tena kumwambia mtu chochote. Na hata lingeweza, dada, lile lilikuwa neno lako. Ulikuwa ukiliweka baada ya macho yako na pua yako na subira yako. Mimi nikiliweka ningekuwa kama Side. Ningekuwa nimelitia mahali linapoonekana.

Nilikuwa ninaogopa, nadhani, ndiyo maana miezi yote hii sikuweka doa. Nilidhani nakuheshimu. Labda nilikuwa nakuheshimu, lakini pia sikutaka mtu aje aniambie hii ni yako, Saumu, imekufa.

Nikamwomba Mama Zai rangi nyingine. Akanipangia chupa zote kwenye kaunta kama mtu anayeolewa ni mimi. Nikachagua ya samli, ile njano iliyofifia wanayoikataa wateja wake wote. "Hiyo haipendezi mtu," akasema. Nikamwambia ndiyo nzuri, hakuna atakayeiiba.

Kando ya pengo. Juu ya ubao.

Mwalimu Kessy alipokuja kuzichukua alizitazama moja moja. "Na lile jekundu?" Nikamwambia jekundu lilikuwa la dada, hili ni langu, na likinisaliti niletee mimi, usimguse yeye. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Hizo RAM ziko Goba sasa, watoto wanaandikia, na hakuna iliyorudi.

Chupa yako nimeirudisha kwenye droo. Nilikuwa nimetaka kutumia tone la mwisho kumtia Bibi doa, maana niligundua hukuwahi kumwekea. Nikamshika, nikaelekeza brashi, nikaacha. Hukuwahi kumpima Bibi. Ndiye uliyempimia wengine. Kitu cha namna hiyo hakitiwi alama.

Nami ndivyo nitakavyokutunza, dada. Kila itakayoingia hapa, iwe na taa, iwe na koti la fedha, iletwe na rafiki au na mwenye haraka, nitaivua kwanza. Nitaisimamisha kwenye jua hili la mlangoni, mkono mmoja yeye na mkono mmoja Bibi, na nikishindwa kuamua nitajiuliza ungevuta pumzi namna gani kabla hujasema. Alhamisi nitakwenda Temeke na Mama kukunyunyizia maji kaburini na kung'oa majani. Amesema atavaa ile kanga.

Sasa kuna mtu mlangoni na kompyuta mikononi. Ulikuwa ukiisukuma RAM mpaka zile koleo mbili za pembeni zifunge, ta, ta, halafu unaigonga kompyuta mgongoni kama mtoto anayepelekwa shule, unamwambia, "Haya, nenda." Nimekuwa nikilisema hilo kila siku bila kujua nalisema kwa nani.

Haya, Dada Mwanaidi. Nenda. Mungu akuangazie huko kama jua la mlango huu. Meza iko mikononi mwangu.

Mdogo wako,
Saumu